Ngoma yenu ikizimika jukwaani, tazameni uwanja kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeongoza kikundi cha ngoma cha shule huko Morogoro aliniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Uwanjani tunawaka, jukwaani tunazima. Wachezaji ni wale wale, ngoma ni ile ile. Tatizo nini?" Wanacheza bugobogobo, na mwezi ujao wana mashindano ukumbini. Nilimjibu kwa kifupi siku hiyo hiyo, lakini naona jibu lenyewe linawahusu wengi. Kila mwenye kikundi anataka kutoka uwanja wa mtaa afike kwenye majukwaa makubwa, na wengi mnafika mkidhani kazi iliyobaki ni sare mpya na mazoezi zaidi.

Bugobogobo ilizaliwa shambani. Wasukuma walilima kwa vikundi, wakajipanga mstari, jembe mkononi, ngoma ikilia, mstari mzima ukisonga mbele kwa pamoja. Ukiijua asili hiyo hutauliza tena kwa nini mgongo umeinama na magoti yamekunjwa. Mguu unanyanyuliwa juu kwa sababu chini kuna udongo uliolegea. Jembe linarushwa likizunguka hewani na kudakwa kwa sababu juu hakuna kitu, ni mbingu tupu. Na mbele ya mlimaji kuna shamba zima la kuendea.

Sasa mchukue mchezaji huyo umpandishe kwenye jukwaa la ukumbi wa shule. Akipiga hatua nne amefika ukingoni. Juu yake kuna pangaboi. Hakuna aliyemwambia apunguze, lakini mwili wake umeshapunguza: hatua inafupika, mkono hauvuki bega, jembe linazungushwa usawa wa kiuno. Ukimuuliza atakuapia kwamba amecheza kama siku zote, na anasema kweli kadiri anavyojua. Mwili huona ukuta kabla ya akili.

Mimi nimekulia Kisesa, mkoani Mwanza, jirani na Bujora, na yale niliyoyaona pale kwenye Bulabo, sherehe za ngoma za Wasukuma, mwezi Juni, ndiyo yaliyonifanya nilivyo. Ngoma za Wasukuma zimegawanyika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, na asili yake inasimuliwa kuwa ni waganga wawili waliopimana nguvu. Siku ya mashindano vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja na watazamaji wake, na watu wako huru kuhama. Anayevuta umati ndiye mshindi. Tukiwa watoto tulikuwa tunakimbia huku na huku, na kweli ulikuwa unaona duara moja linapungua kama mtungi uliotoboka huku la pili likifura.

Fikiria mashindano ya namna hiyo yanaufanyia nini mwili wa mchezaji. Hakuna mbele wala nyuma, kwa hiyo anacheza kwa pande zote. Aliye mwisho wa duara anaona kilicho juu ya vichwa tu, kwa hiyo kila kitu kinapelekwa juu: jembe, sanamu za mbao, hata chatu. Mchezaji hawezi kupumzika hata kidogo, kwa kuwa watu wakimpa kisogo hawarudi. Ule ukali mnaousifia kwenye ngoma za Kisukuma umetengenezwa na uwanja wenyewe. Mkiupeleka ukumbini, mahali ambapo watazamaji wamekaa kwenye viti wote wakiangalia upande mmoja na hakuna anayeweza kuhama, msitegemee utajileta wenyewe.

Naandika haya nikiwa na kidonda. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka kikundi changu kwenye mashindano fulani, waandaaji nitawaacha bila jina. Tuliahidiwa jukwaa zima. Tulipofika, nusu yake ilikuwa na makochi ya wageni rasmi, vyungu vya maua na spika mbili ndefu kama mtu. Wapiga ngoma wakaambiwa wakae nyuma ya pazia, eti wanaharibu mwonekano. Wanaojua ngoma wataelewa uzito wa jambo hilo. Kwetu mpiga ngoma hapigi tu mchezaji akafuata. Anamtazama, akiona bega linashuka anatoa mlio wa kulipokea, akiona mguu unachelewa anausubiri. Mkimfungia nyuma ya pazia mmemfumba macho, na mchezaji naye amebaki peke yake. Majaji wakaandika kwamba vijana wangu "hawana uhai". Karatasi ile ninayo mpaka leo. Vijana hao hao, saa moja kabla, walikuwa wanajiandaa nje kwenye maegesho ya magari, na akina mama wa jikoni wakaacha masufuria yao kuja kuwatazama. Uhai walikuwa nao. Walichonyimwa ni mahali pa kuuweka, na wakapewa wao lawama.

Tangu siku ile sikubali mwaliko kabla sijapaona mahali. Mwaka huu tumecheza kwenye harusi katika ukumbi mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, na nitajivunia kazi ile bila kuomba radhi. Nilikwenda siku moja kabla, mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Nikavua viatu. Sakafu ilikuwa ya vigae. Nikavaa njuga mguu mmoja nikakanyaga: mlio ukaruka, ukagonga ukuta wa nyuma, ukarudi umechelewa. Udongo humeza mlio wa njuga, ukanyagaji mmoja husikika mmoja. Kwenye vigae ukanyagaji mmoja unasikika kama miwili, na vijana wakienda kasi inakuwa kelele tupu. Nikajua hapohapo kwamba mwendo lazima ushuke na njuga zipungue.

Kisha ngoma zenyewe. Uwanjani tunawasha moto wa majani makavu, tunazipasha ngoma joto mpaka ngozi ikaze. Ukumbini nani atakuruhusu uwashe moto? Ukizipasha joto nje halafu mshereheshaji akavuta maneno, ngozi inalegea na sauti inashuka huku mchezaji akiisubiri ile ya juu aliyoizoea. Nikakubaliana na mshereheshaji kwamba ngoma zibaki nje kwenye moto mpaka dakika ya mwisho, ziingie zikiwa na joto lake pamoja na wachezaji.

Jukwaa nililiacha. Nilichotaka ni ile njia ndefu katikati ya meza, kutoka mlangoni mpaka meza kuu. Lile ndilo lilikuwa shamba langu. Vijana wakaingia kwa mstari wameinama, majembe yakishuka kwa pamoja, wakisonga mbele kati ya wageni. Jembe halikurushwa njiani, lilipitishwa kutoka mkono wa huyu kwenda wa yule, na likarushwa mara moja tu, mbele ya maharusi, pale ambapo nilihakikisha juu hapana pangaboi wala taa. Wageni wa meza za nyuma walipanda juu ya viti. Baba mmoja wa makamo, Msukuma bila shaka, aliingia mstarini na koti lake la suti akalima nasi mpaka mwisho.

Kwa hiyo ninaposema tazameni uwanja kwanza, nasema kitu nilichokilipia. Na hakihusu bugobogobo peke yake. Mdundiko wa Wazaramo ni ngoma ya njiani, inatembea mtaa hadi mtaa na watu wanajiunga. Ukiupandisha jukwaani hauna pa kwenda, unaishia kuzunguka mduara na nusu ya utamu imebaki barabarani. Mganda wa watu wa Ziwa Nyasa hauumii sana, maana mistari yake imechukua mengi kwenye gwaride la askari, na mstari unaotazama mbele unalipenda jukwaa. Vijana wa singeli kule Manzese na Tandale wanachezea vichochoroni, kati ya ukuta na ukuta, na mimi naamini ndiyo maana miguu yao ina kasi ya ajabu lakini haiendi mbali. Hata baleti ina uwanja wake: Palais Garnier ya Paris, iliyofunguliwa 1875, jukwaa lake lina mteremko kuelekea watazamaji, na mchezaji aliyezoea sakafu sawa akipanda pale hana budi kujifunza upya kusimamia uzito wake.

Acheni kuwafokea vijana. Nimeona walimu wanawapigia kelele watoto "changamkeni! changamkeni!" kwenye sakafu ya zege inayowaumiza miundi, chini ya dari la kugusa kwa mkono. Mtoto atachangamkaje? Nendeni mkapaone mahali. Vueni viatu. Pigeni makofi msikie mwangwi. Inueni macho muone dari. Mkishaujua uwanja, tungeni ngoma upya kwa ajili yake. Mkiibana tu ile ya zamani ili ienee, mmeishusha hadhi ngoma ya wazee na mmewadhulumu vijana wenu. Mwalimu asiyetazama uwanja hajamaliza kazi yake, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta.

Wewe wa Morogoro, mdogo wangu, nimeiona video uliyonitumia. Omba ruhusa sasa hivi, kwa barua, ngoma zako zikae chini mbele ya jukwaa, upande wa kushoto, wapigaji wakiwatazama wachezaji. Ingieni kwa mlango wa nyuma wa ukumbi mkipita katikati ya watazamaji, mstari wote, ili mwendo wa kulima upate umbali wake kabla ya kupanda ngazi. Jukwaani panda na wachezaji sita, usipande na kumi na wawili, waliobaki walime pale chini. Jembe lirushwe na yule msichana wa mwisho kulia, mikono yake imetulia kuliko ya wote. Na kabla ya yote, mtafute mwenye funguo akuonyeshe swichi ya pangaboi.