Jibu kwa aliyepewa wanafunzi wa digrii ya uuguzi wodi ya watu wazima

Kwa mliochelewa: mleta uzi ni nesi mwenye digrii, ameajiriwa juzijuzi hospitali ya wilaya mkoani Lindi, na inchaji wake, yaani msimamizi wa wodi, amemkabidhi wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu waliokuja mazoezi kutoka chuo kikuu. Anasema darasani wameiva ila mikono mizito, ikifika saa nne asubuhi hawaonekani, na jioni wanarudi na vijitabu vya kuorodhesha walichofanya wakitaka sahihi. Anauliza aanzie wapi. Mimi niko wodi ya wanaume upande wa Mtwara, na wanafunzi wa Dar, Dodoma na Moshi wamepita mikononi mwangu miaka na miaka, kwa hiyo nitasema ninavyofanya mimi.

Mdogo wangu, hao wanatoroka saa nne kwa sababu saa nne kazi imeisha. Asubuhi mnawagawia: wewe pima presha wodi nzima, wewe tandika vitanda, wewe shika trei ya dawa. Wakimaliza, wakae wafanye nini? Wape wagonjwa, usiwape kazi. Wiki ya kwanza mgonjwa mmoja kwa kila mwanafunzi, baadaye wawili au watatu. Huyo ni wako kuanzia kuoga, dawa, dripu, chakula, choo, faili, ndugu zake, raundi ya daktari, mpaka unapomkabidhi kwa zamu ya mchana. Ndipo zile hatua walizokariri chuoni, za kukusanya taarifa, kubaini tatizo, kupanga, kutekeleza na kutathmini, zinapata mtu wa kukaa ndani yake.

Nikupe mfano. Tulikuwa na mzee kutoka Tandahimba, kiharusi, upande wa kulia umelegea. Ndugu yake akawa anamnywesha uji amelala chali. Binti niliyempa mzee yule alikuwa ameketi pale anaandika, akasikia kila baada ya kijiko mzee anakohoa kidogo na sauti inakuwa ya majimaji. Akamshika ndugu mkono taratibu, akasema, "Mama, tusubiri kwanza," akanyanyua kitanda, akanifuata. Uji ulikuwa unakwenda njia ya hewa. Mgonjwa wa kiharusi hapewi kitu mdomoni kabla ya kupimwa kama anameza sawasawa, na hilo wote wanalijua kwenye mtihani. Binti yule alilisikia kwa masikio kwa sababu alikuwa na mgonjwa mmoja wa kumsikiliza. Angekuwa anazunguka na mashine ya presha, angempita pale kitandani akaandika namba yake akaenda.

Tukiwa kwenye namba, fungua chati zenu uangalie safu ya pumzi kwa dakika. Wote 20, sivyo? Mwenye nimonia 20, mwenye ngiri anayesubiri upasuaji 20, aliyepewa ruhusa ya kwenda nyumbani 20. Hakuna aliyehesabu. Pumzi ndiyo kipimo kinachobadilika mapema mgonjwa akianza kuharibika, na ndicho kinachobuniwa kuliko vyote. Mimi nasimama na mwanafunzi, saa mkononi, dakika nzima, amemshika mgonjwa mkono kama anahesabu mapigo ili mgonjwa asijue anatazamwa kifua. Akipata 28 pale palipoandikwa 20, sina haja ya kuhubiri.

Dripu vivyo hivyo. Mwambie lita moja iende kwa saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita, atakupigia hesabu upesi: matone 42 kwa dakika. Vizuri. Ila baada ya nusu saa arudi aangalie, maana mgonjwa amekunja kiwiko, dripu imesimama, mkono umeanza kuvimba penye kanula, kile kijibomba cha kwenye mshipa.

Kuna mdau hapo juu kasema wanafunzi wa digrii wana kiburi, wapewe bedpani, chombo cha haja cha kitandani, wanyooke. Napinga, tena sana. Bedpani ukiifanya adhabu, mwanafunzi ataibeba amegeuza uso. Namtaka aitazame. Choo cheusi kama lami kwa mzee anayemeza vidonge vya maumivu ya magoti kila siku ni damu inayovuja tumboni, na anayekiona wa kwanza ni huyo aliyebeba. Kuogesha ni hivyo hivyo. Ndipo unapoona wekundu kwenye mfupa wa makalio na visigino kabla haujawa kidonda, ukaanza kumgeuza kila saa mbili.

Sasa mambo ya huku kwetu, ambayo chuo hakitawaambia. Wengi wa hao watoto hawajui Kimakonde wala Kimwera, na wazee wetu wa vijijini wakiumwa Kiswahili chao kinapungua. Mwanafunzi anamshika ndugu amtafsirie. Kwa kuuliza kama amekula, sawa. Kwa majibu ya VVU, hapana kabisa, hata awe mtoto wa kumzaa. Atafute mtumishi anayejua lugha, pazia livutwe, ndugu aombwe kutoka. Nimeshaona siri ya mtu inafika kijijini kabla yeye hajatoka wodini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja.

Na wafundishe kuuliza maisha ya mtu kabla ya kumshauri. Mwanafunzi anamwambia mgonjwa wa presha "punguza chumvi", mzee anaitikia "haya mwanangu", na mchana analetewa ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Hakuulizwa mboga yake ni nini. Msimu wa korosho, uliza dawa zilikatika lini, kwa sababu kuna wanaokaa shambani mpaka mzigo uuzwe na kliniki wanairuka. Ramadhani, kwa mwenye kisukari, uliza bila kumsuta kama amefunga. Anayechoma insulini kama kawaida na hajala tangu daku, sukari inaweza kushuka chini ya 4 (mmol/L), akaletwa anatetemeka na jasho, au hajitambui, na ndugu wanasema ni mashetani. Anayejitambua na kumeza mpe kinywaji chenye sukari. Asiyejitambua usimtie kitu mdomoni, huyo ni wa glukosi ya mshipani.

Heshima nayo ifundishwe kama unavyofundisha kutoboa mshipa. Shikamoo kwanza, jina la mgonjwa, jina lako, "mimi ni mwanafunzi, naomba ruhusa". Kijana wa kiume anayetaka kumwekea katheta (mpira wa mkojo) bibi wa umri wa nyanya yake aombe kwa maneno, na bibi akikataa, amekataa, atafutwe wa kike. Ukanda huu watu wamelelewa na jando na unyago, stara si jambo dogo. Simu mfukoni. Picha ya kidonda ikionekana "status" ya mtu, huyo namrudisha chuoni na barua, sibembelezi.

Ulisema wakimpigia daktari usiku wanaongea mpaka daktari anakata. Wafanyishe mazoezi mchana, mmoja awe daktari mkali. Mimi nataka hivi: "Daktari, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, niko na nesi wa zamu wodi ya wanaume. Mzee wa kitanda cha saba, presha imeshuka kutoka 130 kwa 80 saa kumi na mbili jioni hadi 90 kwa 50 sasa hivi. Mapigo 124, pumzi 30, hajakojoa tangu saa kumi. Alilazwa juzi na nimonia. Nahofia maambukizi yameingia kwenye damu. Tumemwekea oksijeni, naomba uje umwone." Daktari hawezi kurudi kulala baada ya maneno hayo.

Kukabidhiana zamu ndiyo mtihani wangu wa kila siku. Anayesema "mgonjwa anaendelea vizuri" namuuliza, vizuri kuliko lini? Jana alikuwa anakaa mwenyewe, leo? Mkojo kiasi gani? Dawa gani hakupata, na kwa nini? Wiki ya kwanza wananuna. Wiki ya tatu wanaulizana wenyewe.

Kuhusu vijitabu: usisaini usichokiona. Akikwambia alifanya na sista wa usiku, asaini sista wa usiku. Anayewajibika kwa mgonjwa ni wewe mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, si yeye, na sahihi yako inamwambia muuguzi mwingine kwamba huyu anaweza kuachiwa. Miaka minne ya digrii ikiisha ataingia mwaka wa intani, wa kufanya kazi chini ya usimamizi, na huko wataamini hicho kijitabu.

Fomu ya tathmini ijaze naye mkiwa mmekaa, aisome, aulize. Ukiona kuna wa kufeli, mpigie mwalimu wake mazoezi yakiwa katikati, kukiwa na muda wa kumrekebisha, sio siku ya mwisho ameshakata tiketi ya basi la Dar.