Usiipime plastiki ya bakteria siku uliyoitengeneza

Kipande changu cha kwanza cha plastiki ya bakteria kilipinda bila kuvunjika, nami nikaandika ripoti jioni ile ile. Wiki tatu baadaye nilikitoa kwenye droo ili nimwonyeshe msimamizi wangu, kikakatika mkononi kama kaukau. Hakunikaripia, aliniuliza tu nilikipima lini. Wewe unayeanza kazi hii, ningependa uulizwe swali hilo mapema kuliko nilivyoulizwa mimi.

Plastiki ninayoizungumzia ni PHB, kifupi cha polihidroksibutireti, ambayo Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa aliieleza katika miaka ya 1920 baada ya kuikuta ndani ya bakteria Bacillus megaterium. Bakteria huiweka kama akiba, mfano wa mafuta mwilini mwetu, pale wanapopata kaboni tele huku nitrojeni au fosforasi ikiwa imewaishia. Bakteria mwingine, Cupriavidus necator, akilishwa vizuri, akiba hiyo huweza kufikia asilimia 80 ya uzito wake mkavu. Kwa nguvu ya kuhimili mvuto, PHB inakaribiana na polipropilini ya ndoo na vikombe tunavyovijua. Udhaifu wake ni kwamba hukatika ikiwa imerefuka kwa asilimia 5 hivi, wakati polipropilini hurefuka mara kadhaa ya urefu wake kabla ya kukatika.

Ukavu huo wa kukatika upesi hauji wote siku ya kwanza. Minyororo ya PHB, yaani molekuli zake ndefu, huganda kabisa pale tu joto linaposhuka hadi karibu nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo katika chumba cha kawaida ile sehemu ambayo haijawa fuwele, yaani haijajipanga kwa safu ngumu, bado inajongea, inaendelea kujipanga polepole, na kile kilichobaki laini kati ya fuwele kinazidi kubanwa. Kwa sababu hiyo, sampuli za mkupuo mmoja zigawe mafungu, upime fungu moja siku ya kwanza, jingine baada ya wiki, jingine baada ya mwezi, na uandike joto la mahali ulipozihifadhi. Kuipasha plastiki iliyozeeka kwenye tanuri kwa nyuzi 120 hivi hurudisha sehemu ya unyumbufu wake. Ni mbinu halali, ila anayeitumia na kunyamaza katika ripoti anawapotosha wenzake.

Dawa ninayoiamini zaidi huanzia kwenye chakula cha bakteria, kabla plastiki yenyewe haijakuwepo. Ukichanganya sukari na asidi ya propioniki, necator huingiza katika mnyororo viungo vya aina nyingine, vipande vya valereti, na joto la kuyeyuka hushuka kutoka nyuzi 175 hivi. Hiyo ni faida kubwa, kwa kuwa PHB huanza kuharibika juu kidogo tu ya joto linaloiyeyusha, na anayeiendesha kwenye mashine hana nafasi ya kukosea. Lakini asidi hiyo ni sumu kwa bakteria wenyewe: niliwahi kuimimina yote kwa mara moja, na asubuhi nikakuta chombo kizima kimekufa. Itie kidogo kidogo, ukifuatilia pH, yaani kipimo cha uchachu. Jua pia kwamba valereti huweza kuketi ndani ya fuwele za PHB, hivyo plastiki haipungui ufuwele kama unavyotarajia. Vipande vya aina nyingine, heksanoeti, ni virefu zaidi na havipati nafasi ndani ya fuwele hizo, kwa hiyo kiasi kidogo tu hulainisha sana. Kuvipata kunahitaji bakteria kama Aeromonas caviae, au necator aliyebadilishwa jeni na kulishwa mafuta ya mimea.

Baada ya hapo ndipo ufikirie viongezwa. Esta za asidi ya sitriki hulainisha, ingawa huweza kuvuja polepole kutoka kwenye plastiki, na unga wa talki husaidia fuwele kuwa nyingi na ndogo badala ya mafundo makubwa yanayopasuka. Katani ya Tanga huvutia wengi wetu, nami nimeitumia, lakini tusijidanganye: nyuzi zake huongeza ukakamavu kuliko unyumbufu, na anayetafuta mfuko laini ameshika njia isiyo yake. Kwa trei au sanduku inafaa, mradi nyuzi zioshwe kwa magadi makali ili zishikamane na polima, yaani plastiki yenyewe, kisha zikaushwe vizuri, kwa maana maji yakiingia kwenye mashine yenye joto hukata minyororo. Mabaki ya seli nayo yasafishwe, kwani huharakisha kuharibika kwa polima na kuacha harufu ambayo mnunuzi hatakubali.

Siku hizi kila bahasha katika droo yangu ina tarehe mbili, ya kutengenezwa na ya kufunguliwa, na ripoti haiandikwi kabla ya ile ya pili.