Barua kwa mwanangu: Ulichoniuliza kuhusu Prague

Mwanangu Zuhura,

Wa alaikum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nimefunga mlango. Unasema wakwe zako wanakuja huko Dresden, Ujerumani, Desemba hii, unataka kuwakatia tiketi ya treni ya Prague, kwa Wacheki, kama ulivyotukatia sisi, ila kabla hujatoa pesa unataka ukweli: “Mama, mlifurahi kweli, au mlivumilia tu kwa kuwa nilishalipa?” Nikikujibu kwa sauti baba yako atasikia, ataanza kunirekebisha kila neno. Ndiyo maana nakuandikia.

Siku ya kwanza tulivumilia. Treni ilikuwa raha, ule mto Elbe unakusindikiza dirishani sehemu kubwa ya njia, na baba yako, mtu wa reli, kila stesheni anatazama saa aone kama wamechelewa. Tuliposhuka ndipo nilipojua kwamba ile baridi ya kwako ilikuwa ya kutoka mlangoni kuingia garini. Hii ilikuwa baridi ya kutembea. Wakumbuka zile buti ulizomnunulia? Aliziacha kwako, nyuma ya mlango. Alisema buti ni za shamba, yeye anakwenda mjini. Akavaa viatu vyake vya Idi, vya soli ya ngozi.

Sasa njia za ule mji wa kale zimetandikwa vijiwe vidogo vidogo, na maji yakiganda juu yake panakuwa kama sahani iliyopakwa mafuta. Hatukufika mbali. Nilisikia “Yallah!” nikageuka, mtu yuko chini. Goti limechubuka, suruali imechanika. Kijana mmoja na mwenzake wakamwinua, wakampangusa theluji mgongoni kama mtoto aliyeangukia unga. Jioni ulipopiga simu ya video ukamwona kitandani, blanketi hadi kiunoni, ukacheka: “Baba anapumzika.” Alikuwa anaficha goti. Hilo ndilo tulilokuficha, sasa umelijua.

Kosa letu jingine lilikuwa la saa. Mwezi ule wa Desemba jua linachomoza kama saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni limeshazama. Adhuhuri na Alasiri zimeshikana mikono, unamaliza moja, unakunywa chai, nyingine hiyo. Sisi tukatoka saa nne kama watu wa likizo, kisha mchana kutwa tukawa tunakimbizana na mwanga. Tukapanda tramu namba 22 hadi kasri, tukaingia kanisa kuu la Mtakatifu Vitus, tukatoka, hatukuona kitu ila visogo vya watu. Jambo moja tu lilimfurahisha baba yako huko juu: lile kanisa walianza kulijenga 1344, wakalimaliza 1929. Akapiga hesabu palepale. “Miaka 585,” akaniambia, “na wewe unanisumbua na ukuta wa uani.”

Kesho yake goti lilikuwa limevimba, hawezi kwenda haraka. Namshukuru Mungu kwa lile goti, nami nitakwambia kwa nini.

Kuna saa kubwa ukutani mwa mnara wa ukumbi wa mji wa kale, iko pale tangu 1410. Kila saa ikitimia, sanamu ya Kifo, mifupa mitupu, inavuta kamba ya kengele. Madirisha mawili yanafunguka, mitume kumi na wawili wanapita, mwisho jogoo anawika. Karibu na Kifo amesimama Mturuki na gambusi lake, anatikisa kichwa, hataki kwenda. (Baba yako: “Kwani nani anataka?”) Watu wamejaa uwanja mzima, simu juu, haipiti hata dakika moja wanatawanyika. Sisi hatukutawanyika kwa sababu ya goti. Mwongozaji mmoja alikuwa amebaki na wazee wawili wa Kiingereza, anawaeleza yale yasiyochezacheza, nasi tukajisogeza kama hatusikilizi.

Ukingoni mwa ile saa pana duara jeusi lenye tarakimu za dhahabu, 1 hadi 24, za mwandiko wa kale. Duara lenyewe husogea mwaka mzima, ili 24 ikutane na jua linapozama. Mshale wenye kiganja cha dhahabu ukigusa 24, basi siku ya Wacheki wa zamani imekwisha. Saa nzima ikipita baada ya hapo ni 1, halafu 2. Baba yako akanibana mkono. “Hii saa yetu hii.” Nikatazama simu: 17:00, saa kumi na moja jioni, wakati ambao Tanga watoto bado wanacheza mpira. Lakini hapo palikuwa na giza totoro, na kile kiganja kiko kwenye 1. Saa moja usiku, Zuhura, imeandikwa kwa dhahabu katikati ya Ulaya! Mlikuwa mkimcheka bibi yenu akisema usiku wa Ijumaa na huku ni Alhamisi jioni. Basi na hao walikuwa wakianza siku yao jua likichwa.

Tofauti ni kwamba sisi alfajiri ikipita tunaanza upya saa moja, wao wanaendelea hadi 24. Usiku wao wa Desemba una karibu saa kumi na sita, kwa hiyo jua likichomoza kile kiganja kinakaribia 16. Hili baba yako alinieleza mara tatu mezani, kijiko ndiyo mshale, chumvi ndiyo jua, nikamwambia nimeelewa ili nile.

Tangu hapo tukaacha kuukimbiza mwanga. Tukalala hadi jua litoke, tukapumzika mchana, na Magharibi ikishapita tukavaa kila tulichonacho tukatoka. Mji ule ni wa usiku. Majira hayo ya kuelekea Krismasi yuko mtu, kavaa sare ya zamani, anapita kwenye Daraja la Charles na ufito mrefu, anawasha taa za gesi moja moja. Tulimfuata. Hatukusemezana, yeye mbele na ufito, watoto nyuma yake, sisi nyuma ya watoto, kila taa ikishika inatoa mwanga wa kandili, si huu wa umeme unaoumiza macho. Daraja lenyewe lina mita 516 na masanamu 30, na mfalme Charles wa Nne aliweka jiwe la msingi 1357. Wanasimulia kwamba chokaa yake ilikandwa kwa mayai, nchi nzima ikaagizwa kuleta, na watu wa kijiji kimoja, kwa kuogopa yasipasuke njiani, wakayachemsha kwanza. Baba yako alicheka hadi akashika ukingo. Kisha akasema karne hizo ndizo watu wa Tongoni, pale kwetu Tanga penye magofu, walikuwa wanajenga kwa matumbawe na chokaa, na hakuna yai lililopotea.

Mtaa wa Wayahudi nenda nao, ila si Jumamosi, wanafunga. Kuna makaburi yamepandana tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa kwa mamia ya miaka hawakuwa na pengine pa kuzika, hadi walipofunga 1787. Mawe yameegemeana kama meno ya mzee. Kando yake lipo sinagogi la Pinkas, na humo ndani kuta zimeandikwa majina kwa mkono tangu chini hadi juu, ya Wayahudi karibu 80,000 wa nchi hiyo waliouawa na Wanazi. Yaliwahi kuharibiwa na unyevu, yakaandikwa upya miaka ya 1990. Nilianza kusoma ukoo mmoja, nikaona jina lilelile la ukoo linajirudia, linajirudia, mstari haujaisha. Sikufika mwisho wake. Tulipotoka hatukula mchana huo.

Chakula, kwa ufupi: uwanjani wanachoma nguruwe, harufu inakufuata hadi kitandani. Sisi tulikula jibini la kukaanga na viazi, supu, na samaki. Na hapa kwenye samaki ndipo jibu lako lilipo.

Siku chache kabla ya Krismasi wanaweka mapipa makubwa ya maji barabarani, yamejaa samaki hai wa mabwawani, wanamwita kapr. Ndiye kitoweo chao cha mkesha. Baba yako, aliyezoea kuamkia soko la samaki la Deep Sea kugombea changu, akainama juu ya pipa kama yuko kwao. Muuzaji, baba wa makamo, aproni ya mpira, mikono myekundu kwa baridi, akamtoa mmoja kwa wavu. Baba yako akaonyesha kwa ishara amfunulie mashavu. Akafunua. Akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Hawana hata neno moja la pamoja, lakini wakasimama pale robo saa, huyu anabonyeza tumbo la samaki, yule anaonyesha kwa mikono ukubwa wa bwawa. Hatukuwa na jiko, tusingenunua. Yule bwana akabandua gamba moja, kubwa kama shilingi, akalifuta kwa aproni, akamtilia baba yako kiganjani na kumwonyesha pochi. Kumbe ni desturi yao, ukiweka gamba la kapr pochini pesa hazikauki mwaka mzima. Jioni tulimla kapr wa hotelini. Mifupa tele, na ladha ya tope kidogo. Baba yako alimmaliza hadi kichwa.

Kwa hiyo wapeleke wakwe zako, na wapeleke Desemba hiyohiyo. Ila hakikisha buti zimo miguuni kabla treni haijaondoka, usikubali hadithi za shamba na mjini. Uwape siku tatu, mbili hazitoshi kwa watu wa umri wetu. Mama mkwe wako asipelekwe kasri kwa miguu. Na uwaambie wakaitazame ile saa giza likishaingia, watu wakishatawanyika.

Juzi tulikwenda benki. Baba yako anatoa kitambulisho, gamba likadondoka mezani, limekauka, limekunjika ncha. Binti wa dirishani akadhani uchafu, akataka kulipangusa na karatasi. Baba yako akaliwahi kwa kiganja. “Liache, mwanangu,” akamwambia, “hilo nimepewa Prague.” Na foleni yote nyuma yetu ikasimamishwa ili binti wa watu aelezwe habari za mapipa.

Mama yako,
Tanga