Maswali Yenu: Milima, Gia na Kofia

*Nataka baiskeli ya mbio za milimani. Ipi nyepesi kuliko zote? (Kongowea)*

Swali hili linaletwa kila mara, na leo nalijibu mara ya mwisho. Sheria za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, haziruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8, kwa hivyo bingwa Tadej Pogačar hawaachi wenzake kwa wepesi wa baiskeli. Muulize fundi gia kubwa ya nyuma ina meno mangapi. Ikiwa ni 25, mlima mkali utakushusha ukokote hata kama umelipa laki tano. Tafuta 32 au 34, na pesa zitakazobaki nunua kofia ngumu na raba mpya za breki.

*Mbio za Liège–Bastogne–Liège huchukua siku ngapi?*

Moja. Kilomita 250 na ushei, Ubelgiji, tangu 1892.

*Mbona bingwa hujibanza nyuma ya wenzake mpaka karibu na mwisho? Si uoga? (Likoni)*

Hata kidogo. Anayetangulia ndiye anayekata upepo, na anayemfuata gurudumu kwa gurudumu hutumia nguvu chache zaidi. Ndiyo maana timu ina wasaidizi. Utamwona mmoja akirudi nyuma hadi kwenye gari la timu, anajaza chupa za maji ndani ya jezi mpaka mgongo unavimba, kisha ananyonga kulitafuta kundi tena na mzigo wote huo. Akimaliza wa mia, mnasema hana kitu! Huenda ndiye aliyemfikisha bingwa chini ya mlima akiwa bado na pumzi. Na kumaliza kwenyewe si jambo dogo: Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, wanaume walipewa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka. Waliofika mwisho ni 30 tu.

*Biniam Girmay wa Eritrea mbona hashindi hizi mbio za milima?*

Silaha yake ni kasi ya mwishoni. Ameshinda Gent–Wevelgem 2022 na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, katika Tour de France 2024. Mnataka nini tena kwa mtu mmoja? Daini vilabu vya vijana hapa kwetu.

*Mombasa ni tambarare. Nifanyie wapi mazoezi? (Tudor)*

Vuka feri alfajiri, shika barabara hadi Kombani, kisha panda Kwale. Ukifika juu, teremka, halafu panda tena. Mazeras waachieni malori, na nyinyi mnaoshika lori kwa mkono mmoja ili liwavute mlimani, acheni leo: likifunga breki ghafla huna pa kwenda. Kwenye mteremko, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

*Kofia na joto hili kweli?*

Kweli. Mwendesha baiskeli Andrei Kivilev alianguka kwenye mbio za Paris–Nice mwaka 2003 bila kofia, akafa, na mwaka huohuo UCI ikailazimisha. Ina matundu ya hewa. Ivae, na kamba ya kidevuni uifunge.