Maswali Yenu: Pumzi Inapoishia Kwenye Ngazi

SWALI: Nina miaka 59, ni mwalimu, naishi Kikuyu hapa Dodoma. Siku hizi nikipanda ngazi hadi ghorofa ya pili lazima nisimame katikati. Kijana mmoja ananiuzia vidonge vya "kufufua mitokondria", kopo moja shilingi 120,000. Ninunue?

JIBU: Mwalimu, hela hiyo iache mfukoni kwanza. Mitokondria ni vijumba vidogo sana ndani ya seli, ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni na kutoa ATP, nishati inayoendesha misuli. Moyo na mapaja vina nyingi mno. Umri ukisogea hupungua, na zilizobaki hufanya kazi kwa kusuasua. Lakini sehemu kubwa ya tunachokiita uzee ni kukaa tu. Seli hujenga mitokondria mpya pale inapodaiwa nishati kuliko ilivyozoea. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani John Holloszy aliwakimbiza panya kwa wiki kadhaa, na uwezo wa misuli yao kutumia oksijeni ukapanda kama mara mbili.

Vidonge vingi vya aina hiyo vina koenzaimu Q10, kemikali inayosaidia mitokondria kutoa nishati, ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Kwa mtu mzima mwenye afya, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inamwongezea nguvu.

Kabla ya mazoezi, pima presha, sukari na wingi wa damu. Himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita (g/dL) kwa mwanamke, au chini ya 13 kwa mwanaume, ni upungufu wa damu, na hapo hata mitokondria za kijana zingekosa oksijeni. Omba pia kipimo cha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Kifua kikibana unapopanda, usingoje kesho, nenda hospitali.

Majibu yakiwa mazuri, fanya hivi siku 4 kwa wiki: tembea haraka dakika 3, polepole dakika 3, mizunguko 5, yaani nusu saa. "Haraka" maana yake mtu akikusalimia unajibu maneno mawili matatu, ila habari ndefu huwezi. Wiki mbili za mwanzo fanya mizunguko 2 tu. Anayeanza na mitano Jumatatu, Jumatano magoti yamevimba na viatu vimerudi uvunguni. Kosa la pili ni mwendo mmoja wa matembezi, kusimama kila kona kuulizana hali. Ni jambo zuri kwa ujirani, lakini misuli haidaiwi kitu. Toka saa 12 asubuhi, hasa Oktoba na Novemba, maana jua la Dodoma halina huruma.

Siku nyingine 2, tafuta kiti kisichoyumba, kiegemeze ukutani, kunja mikono kifuani, kisha simama na kukaa mara 8 hadi 10, seti 3. Shuka taratibu, usijitupe. Tofauti kwenye ngazi utaanza kuiona baada ya wiki 6 hadi 8. Ukiacha kwa wiki kadhaa, inayeyuka.

SWALI: Mama yangu, Kibaigwa, anakula ugali na mlenda kila siku. Je, vinampa nguvu?

JIBU: Ugali wa mtama au uwele ni chakula cha maana. Shida ni magadi. Hulainisha mlenda upesi, lakini huharibu vitamini B1, inayofungulia mlango sukari iliyotokana na ugali iingie kwenye mitokondria. Pia yana sodiamu, mbaya kwa mwenye presha. Apunguze hadi kiasi cha kubana kwa vidole viwili, ayatie mwishoni. Aongeze karanga kiganja kimoja, kunde au choroko. Chai ya rangi ikae saa moja mbali na mlo, kwani huzuia madini ya chuma. Juisi ya ubuyu wakati wa kula huyasaidia kuingia mwilini.

SWALI: Mume wangu anatumia metformini, dawa ya kisukari, mwaka wa nane. Anachoka, na nyayo zina ganzi. Ni sukari tu?

JIBU: Huenda, lakini metformini ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta uchovu na ganzi pia. Asiache dawa. Kliniki ijayo aombe kipimo cha B12, na aende na vidonge vyake vyote mkononi.