Askari kijana, usijue sampuli ilipofichwa

Sitisha zoezi hilo leo hii. Umeandika kwamba umekabidhiwa mbwa wa kunusa dawa za kulevya, kwamba mkufunzi wako anakutaka ufiche sampuli wewe mwenyewe kisha umwongoze mbwa hadi pale ilipo "ili asikate tamaa", na kwamba kwa wiki nne hajakosea hata mara moja; kisha ukauliza kama sasa anafaa kupelekwa kazini, ukaongeza maswali kuhusu chakula, banda na urefu wa kamba. Nilipofika kwenye maneno "hajakosea hata mara moja" nilisimama, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyaandika kwa mwandiko wangu katika daftari la mafunzo, na baadaye yakasomwa kwa sauti mahakamani na mtu ambaye hakuwa upande wangu.

Nilipokabidhiwa mbwa nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu kazini, na mkufunzi aliyenipokea alinipa maelekezo yale yale: ficha mwenyewe, mpeleke mwenyewe, gusa kwa kiganja pale penye harufu, na akikaa, yaani akitoa ishara kwamba amenusa dawa, mtupie mpira wake. Kwa miezi mitano mbwa alifaulu kila siku, nami nikawa natembea kituoni kama mtu aliyevumbua pua. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba mbwa alikuwa akijifunza masomo mawili kwa wakati mmoja, harufu ya bangi na mwili wangu, na somo la pili lilikuwa jepesi zaidi. Kila nilipokaribia mahali nilipoficha, hatua zangu zilipungua, bega liligeuka, pumzi ilibanwa, na mkono wa kulia ulitangulia mfukoni kwenye mpira. Mbwa angekuwa mpumbavu kuhangaika kunusa ilhali jibu lilikuwa nyuma yake limeshika kamba.

Kosa lenyewe lilitokea katika upekuzi wa nyumba yenye vyumba vinne vya wapangaji. Kabla hatujaingia, mpelelezi alininong'oneza kwamba anamshuku kijana wa chumba cha tatu, na kwa kweli upekuzi uliishia hapo, ingawa tuliendelea kuzunguka kwa karibu saa nzima. Tukiwa kwenye ujia, mbwa alinyanyua kichwa ghafla na kuvuta kwa nguvu kuelekea stoo ya nyuma. Nikamkatiza kwa kamba, nikijiambia kwamba amenusa panya. Katika chumba cha tatu nilisimama mbele ya kabati na kumwamuru atafute, nikarudia, nikarudia tena, na mara ya tatu akakaa. Kabati lilibomolewa, godoro likachanwa, mbao za sakafu zikang'olewa, na hapakuwa na kitu. Hata hivyo kijana yule alikaa mahabusu siku tatu kwa ushahidi wa makalio ya mbwa wangu. Wenzangu walipokuja kuifungua stoo siku ya nne, walikuta magunia matupu yanayonuka bangi hata kwa pua ya binadamu, na mwenye mzigo alikuwa amekwisha kuondoka nao kwa nafasi, bila haraka yoyote.

Habari haikuishia hapo, maana kesi nyingine zilizomtegemea mbwa huyo nazo zilianza kutikisika. Katika mojawapo, wakili wa utetezi aliomba daftari langu, akalisoma, kisha akauliza ni mazoezi mangapi kati ya yale yote ambayo mwongozaji hakujua sampuli ilipo. Nikajibu kwamba hakuna. Akauliza ni mara ngapi mbwa alipitishwa katika chumba kisicho na kitu kabisa. Nikajibu kwamba hakuna. Akaketi bila kuuliza swali la tatu, na mshtakiwa akaachiwa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi nililisikia, nikalifuata neno kwa neno, na guu likavunjika vilevile. Mkufunzi yule, nilipomrudia, aliniambia kwamba mbwa wangu "ana tabia ya kudanganya". Mbwa! Mnyama aliyefanya kwa uaminifu kila alichofundishwa ndiye aliyeitwa mwongo, huku aliyemfundisha akiendelea kufundisha wengine, na kwa jinsi ninavyosoma maelezo yako, wanafunzi wa mtindo wake bado hawajaisha.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1907, mjini Berlin, Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi maarufu aliyeitwa Hans, ambaye watu waliamini anajua hesabu, alikuwa akisoma miondoko midogo ya waliomuuliza; asiyejua jibu alipouliza, farasi naye hakulijua. Mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika California kwa jozi 18 za mbwa na waongozaji wao, katika vyumba visivyo na dawa wala baruti, ila waongozaji waliambiwa kwamba mahali penye karatasi nyekundu pamefichwa kitu. Katika misako 144, ni 21 tu ambayo mbwa hawakuashiria chochote. Watafiti walikuwa wameficha pia soseji na mipira ya tenisi ili kuwashawishi mbwa, lakini karatasi iliyowashawishi binadamu ndiyo iliyozaa ishara nyingi zaidi za uongo. Soseji ilishindwa na imani ya askari.

Kwa hiyo, kuanzia sasa, mtu mwingine afiche, wewe usijue ni wapi, na ikiwezekana hata anayesimama karibu nawe asijue, kwa kuwa mbwa atamsoma yeye pia. Mpira usitoke mfukoni mpaka aliyeficha, akiwa nje ya macho ya mbwa, athibitishe kwamba amepatia. Daftarini andika kila kosa, pamoja na mara alizokaa pasipo na kitu. Kazini, mpelelezi akitaka kukutajia anayemshuku, mwombe anyamaze hadi utakapomaliza, hata kama amekuzidi cheo. Atanuna, lakini atazoea. Mbwa akivuta kwenda mahali usipopatarajia, mfuate.

Kamba yoyote itafaa, mradi isitumike kumwambia jibu. Mbwa wangu ilibidi afundishwe upya kwa miezi minane, na wiki za kwanza alikuwa akisimama katikati ya chumba na kunitazama usoni, akingoja nimwambie. Fanya jaribio hili kesho: mwombe mwenzako aandae vyumba sita, asikueleze chochote, na vyote aviache vitupu. Kisha rudi hapa utuandikie mbwa wako amekaa mara ngapi.