Walioko Matopeni: Maswali Yenu Kuhusu Lagoni

Kwa nini watafiti wahangaike na minyoo ya matopeni badala ya samaki?

Samaki akiona maji yameharibika hukimbia. Mnyoo, kombe na konokono hawana pa kukimbilia. Yote yaliyoipata lagoni, yaani maji ya pwani yaliyotengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa nchi kavu, wameyapata wao kwanza, na waliobaki ndio ushahidi.

Nimesoma kuwa wanyama wa sakafuni katika lagoni fulani wameongezeka mara kadhaa. Si habari njema?

Taratibu. Uliza kwanza walioongezeka ni akina nani. Mbolea na maji taka yakizidi, mwani husitawi, kisha hufa na kuoza, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni ya chini. Wanyama wakubwa, wale wanaoishi miaka mingi na kuchimba mashimo marefu, hutoweka. Nafasi yao hushikwa na vinyoo kama Capitella, vyenye maisha mafupi na uzazi wa haraka. Ukihesabu vichwa utafurahi. Ukihesabu spishi, au ukiwapima kwa uzito, furaha itakwisha. Watafiti Pearson na Rosenberg waliupanga mfuatano huu mwaka 1978, nami sijaona njia rahisi zaidi ya kuisoma sakafu iliyolemewa na uchafu.

Tuchunguze miaka mingapi ndipo tuseme kuna mabadiliko?

Mmoja au miwili haitoshi, kwani lagoni ni kigeugeu kwa asili: mvua moja kubwa hupunguza chumvi, kiangazi huirudisha. Ningetaka zaidi ya kumi. Tena msibadilishe chekeche la kuchekechea matope katikati ya safari! Lenye matundu ya milimita 1 huwapoteza wadogo ambao la milimita 0.5 lingewanasa, na mtadhani kizazi kipya kimezaliwa.

Mlango wa bahari ukipanuliwa, wanyama wa chini hubadilika?

Sana. Huko Mar Menor, Hispania, mfereji wa El Estacio ulipanuliwa miaka ya 1970. Chumvi ikapungua na spishi za Mediterania zikapata njia ya kuingia. Ringkøbing Fjord ya Denmark ilikwenda kinyume. Katikati ya miaka ya 1990 malango ya maji yalianza kuendeshwa kwa namna nyingine, chumvi ikapanda, na kombe aitwaye Mya arenaria akaongezeka ajabu. Kombe huyu huchuja maji anapokula, hivyo maji yakang'aa. Yaani aliyefukiwa mchangani aliibadili lagoni nzima mpaka juu.

Na spishi za kigeni?

Kombe wa Manila alipelekwa lagoni ya Venice, Italia, mwaka 1983 kwa ajili ya ufugaji, akaenea. Kwangu, madhara makubwa yametokana na zana za kumvua, zinazokwangua sakafu na kutibua matope pamoja na kila kilichomo.

Oksijeni ikiisha kabisa, wanyama hurudi?

Hurudi kwa zamu, mradi oksijeni irejee na mabuu yaletwe na maji. Vinyoo hutangulia, pengine ndani ya wiki chache. Kombe wakubwa huhitaji miaka, na pigo la pili likiwakuta wangali wachanga, hesabu huanza upya.